Akii-Bua na kadiri ya mazoezi

Siku chache kabla ya usajili wa makurutu wa polisi au wa jeshi, barabara itokayo Busia kwenda Malaba kupitia Alupe hujaa vijana alfajiri. Wapo wanaokimbia kwa viatu vya raba, wapo wanaokimbia miguu mitupu, na wapo wanaobeba mgongoni mfuko wa mchanga, wakiamini kwamba uchungu wa leo ndio wepesi wa kesho. Wengi wao hawajakimbia hata hatua mia moja tangu usajili uliotangulia. Baada ya wiki mbili za kujitesa namna hiyo husimama uwanjani juani, kisha huamrishwa wakimbie kilomita kadhaa wakishindana na mamia ya wenzao kwa nafasi zinazohesabika kwa vidole. Nchi hii imekwisha kusoma magazetini, na si mara moja, habari za kijana aliyeanguka katika mbio za usajili asiamke tena.

Mtu akiuliza ni kiasi gani cha mazoezi ya kila siku kinachozidi uwezo wa mwili, aghalabu hujibiwa kwa tarakimu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Tarakimu hizo ni nzuri na sina nia ya kuzibeza, ila zinatuonyesha zaidi mahali pa kuanzia kuliko mahali pa kukomea. Mahali pa kukomea hapana tarakimu moja. Ndiyo maana nimeona heri niyasimulie maisha ya mtu aliyefanya mazoezi ambayo yangewalaza wengi wetu kitandani kwa mwezi mzima, naye yakamfanya bingwa wa dunia. Mtu huyo ni John Akii-Bua wa Uganda.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda, sehemu za Abako. Babake alikuwa chifu mkubwa mwenye wake wanane na watoto 43, na John alikuwa mmoja wa kundi hilo. Katika boma la namna hiyo mtoto hafundishwi kukimbia. Hukimbia kwa sababu ng'ombe wamekimbia. Alichunga mifugo, akasoma kidogo, akaacha shule angali kijana, kisha akaenda Kampala akajiunga na polisi. Msomaji wa Busia aliangalie jambo hili kwa makini. Akii-Bua naye aliwahi kuwa kurutu. Lakini kabla ya gwaride na kabla ya uwanja, alikuwa amekwisha kutembea na kukimbia nyuma ya ng'ombe kwa miaka mingi, kila siku, bila saa na bila mashabiki. Tukitaka kuyapima mazoezi yake hatuna budi kuanzia hapo.

Katika polisi alikutana na Jorem Ochana, afisa aliyekuwa yeye mwenyewe mrukaji viunzi hodari. Ochana alikuwa mwalimu mkali. Alimfundisha kijana kuruka akiwa ameinamisha kichwa, mwili ukipita karibu sana na kiunzi, na mafunzo hayo hayakupita bila damu. Magoti na vifundo vya miguu vya Akii-Bua viligonga mbao mara nyingi, na kovu moja lilibaki katika paji la uso wake maisha yake yote. Ukali wa Ochana, hata hivyo, haukuwa ukali wa kupakia uzito, kwani alichokuwa akikifundisha ni ufundi. Mwanafunzi aliumia kwa sababu alikuwa hajui. Alipojua, majeraha yakapungua. Maumivu ya kujifunza namna hii hupona. Yako maumivu mengine ya kuulazimisha mwili ufanye usichokuwa tayari kukifanya, na haya hujificha, yakajilimbikiza, kisha yakajitokeza siku usiyoitarajia.

Mwaka 1968 alifika Uganda Mwingereza mmoja, Malcolm Arnold, kuwa mwalimu wa taifa wa riadha. Wakati huo Akii-Bua alikuwa akikimbia mita 110 za viunzi, mbio fupi zenye viunzi virefu vya sentimita 106.7. Arnold aliona kwamba kijana yule mrefu mwenye pumzi nyingi angefaa zaidi katika mita 400. Mbio hizi zina viunzi kumi vya sentimita 91.4: mita 45 kabla ya kiunzi cha kwanza, mita 35 kati ya kimoja na kingine, na mita 40 za mwisho ambazo wanariadha wengi huzikimbia kwa moyo tu, kwa kuwa miguu imekwisha kukataa. Ni mbio za hesabu. Anayezianza kwa pupa huzimaliza kwa aibu.

Badiliko hilo halikuleta matunda kwa mwaka mmoja. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, Akii-Bua alimaliza wa nne. Dhahabu ilikwenda kwa Mwingereza John Sherwood, na fedha kwa William Koskei, mzaliwa wa Kenya ambaye wakati ule aliikimbilia Uganda kabla ya kuja kuikimbilia Kenya. (Wakazi wa mpakani hawatashangaa, kwao huo ni mwendo wa kila siku.) Mwaka 1971 Akii-Bua alikwenda Marekani, na huko Durham, North Carolina, akakimbia kwa sekunde 49.0, muda ulio bora kuliko wa mtu mwingine yeyote duniani mwaka huo. Wataalamu wa Ulaya walilisikia jina lake, ila wengi hawakulitilia maanani.

Sasa tufike katika mazoezi yenyewe, yale ambayo husimuliwa kila jina la Akii-Bua linapotajwa. Katika miezi iliyotangulia Michezo ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana iliyotiwa uzito, yapata kilo 11. Akiwa na mzigo huo kifuani na mgongoni, aliruka viunzi vilivyoinuliwa kuliko vya mbio zake, na kwa masafa marefu kuliko mita 400 za mashindano. Alirudia, akapumzika kwa muda mfupi, akarudia tena. Nia ilikuwa wazi: atakapoivua fulana na kuviteremsha viunzi, mwili ujione umefunguliwa.

Simulizi hii ni ya kweli, na ndiyo inayomponza kijana wa Alupe mwenye mfuko wa mchanga. Yeye ameisikia fulana, hakuisikia ngazi. Kwa Akii-Bua fulana ile ilikuwa kidato cha juu kabisa cha ngazi iliyoanzia malishoni, ikapitia kwa Ochana, ikapanda polepole kwa miaka minne mikononi mwa Arnold. Asiyekuwa na vidato vya chini hawezi kuanza na cha juu.

Hapa mwalimu wa isimu hana budi kusema neno juu ya neno. Zoezi ni jamaa ya kitenzi zoea, na kuzoeza ni kumfanya mtu au mnyama azoee. Lugha yetu haikulichukua jina la shughuli hii kutoka katika jasho, wala katika nguvu, wala katika ushindi. Ililichukua kutoka katika mazoea. Zoezi, basi, ni kile ambacho mwili unakaribia kukizoea. Kikiuzidi kidogo, mwili hukisogelea, na kesho huwa na nguvu zaidi. Kikiuzidi mno, hauwezi kukizoea tena. Unateseka tu, hata kama mwenyewe anahesabu kilomita kwa fahari. Kiasi nacho tumekipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kupima. Anayesema kwamba amepita kiasi anakiri kwamba kipimo kilikuwako, isipokuwa hakukitazama.

Vipimo vyenyewe si vya siri, na havihitaji mashine. Cha kwanza ni mapigo ya moyo, yanayohesabiwa asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, vidole viwili vikiwa juu ya kifundo cha mkono, kwa dakika moja. Mtu mzima mwenye afya akitulia huwa na mapigo 60 hadi 100, na mwanariadha aliyezoea huweza kushuka hadi 40 na kitu. La muhimu si kujilinganisha na jirani, bali kuijua hesabu yako mwenyewe. Ikipanda kwa mapigo kumi hivi juu ya kawaida yako, na ikabaki huko siku mbili tatu, mwili haujapona kutokana na kazi ya jana, au kuna maradhi yanayokuja. Kwa vyovyote vile, siku hiyo si ya kukimbia.

Kipimo cha pili ni usingizi. Mtu aliyechoka vizuri hulala. Aliyepita kiasi huchoka asilale, hugeukageuka kitandani huku miguu ikimwuma, akaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Hamu ya chakula humpotea, hasira humpanda upesi, mafua hayamwachi, na kwa wanawake hedhi huweza kukatika. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni ile inayowachanganya wengi: mtu huongeza juhudi ilhali muda wake unazidi kuwa mbaya. Mwenye busara akiona hivyo hupunguza. Asiye na mwalimu huamini kwamba amelegea, akaongeza, na shimo likazidi kuchimbika.

Wakati wa kukimbia kwenyewe kipimo ni maongezi. Katika barabara ya Busia na Malaba mtu hawezi kupita bila kusalimiwa. Waluhya watamwambia mulembe, Wateso watamwambia yoga. Mwenye kufanya mazoezi ya afya aweze kuitikia salamu hizo na kuuliza habari za nyumbani bila kukatika pumzi. Akishindwa hata kutoa neno moja, amekwisha kuingia katika eneo la mazoezi mazito, na eneo hilo hutembelewa mara chache kwa wiki, wala halifanywi makao.

Kuna na hatari ambazo wenyeji wa sehemu hii wanapaswa kuzijua kuliko watu wa nyanda za juu. Busia ni nchi ya joto na malaria. Anayekimbia akiwa na homa anaubebesha moyo mizigo miwili kwa wakati mmoja. Aidha, Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu zenye watu wengi waliorithi chembe za ugonjwa wa selimundu. Mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huishi bila dalili, na yamkini hajui hali yake. Lakini akilazimishwa kukimbia kwa nguvu zake zote, juani, bila maji, bila mazoea, huweza kuanguka ghafla. Na yeyote yule ambaye baada ya mazoezi makali ya ghafla anaona mkojo wake umegeuka rangi ya chai ya mkandaa, asingoje kesho. Hiyo ni ishara kwamba misuli imevunjika na uchafu wake unaziba mafigo. Huyo ni mtu wa hospitali, si wa kusingwa mafuta.

Turudi Munich. Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na ambayo mrukaji viunzi mrefu huichukia. Alikuwako David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 aliyoiweka Mexico. Alikuwako pia Ralph Mann wa Marekani. Hemery aliondoka kama mshale, akaukimbia nusu ya kwanza kwa kasi kupita hata ile ya Mexico. Lakini mbio za hesabu humdai mkopaji deni lake kabla hajamaliza. Katika kona ya mwisho Mganda alikuwa amekwisha kumfikia, na alipotoka kwenye kona alikuwa mbele. Uwezo wake wa kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, ulimfaa pale wengine walipolazimika kuzivunja hatua zao. Alimaliza kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kuingia chini ya sekunde 48. Mann alipata 48.51 na Hemery 48.52.

Kilichofuata kilishangaza watazamaji kuliko hata rekodi yenyewe. Badala ya kuanguka chini akitweta, Akii-Bua aliendelea kukimbia kuuzunguka uwanja kwa furaha, akirukaruka, akiruka hata viunzi ambavyo havikuwa vya lazima tena. Walimwengu wengi wanaikumbuka siku ile kuwa mwanzo wa desturi ya mshindi kuuzunguka uwanja. Mimi nayaona mazunguko yale kwa jicho jingine. Mwili uliokuwa umepita kiasi haukuweza kufanya hivyo. Mtu huyu alikuwa amefanya mazoezi mazito kuliko washindani wake, na bado alikuwa na akiba. Hapo ndipo mtu anapoijua kazi ya Arnold: alijua kuongeza, lakini pia alijua siku ya kuivua fulana.

Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Idi Amin, aliyekuwa ametwaa madaraka Januari 1971, alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba. Barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Arnold akaondoka Uganda. Mwaka 1973 Akii-Bua alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, na kwa miaka mitatu zaidi hakuna mtu duniani aliyeifuta rekodi yake. Lakini yeye mwenyewe hakuufikia tena muda ule wa Munich. Mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa wanariadha wa Afrika ambao mataifa yao yaliisusia Olimpiki ya Montreal, na huko huko Montreal, tarehe 25 Julai, Mmarekani Edwin Moses alishinda kwa sekunde 47.64. Dunia ilikosa kuwaona wawili hao wakishindana wakiwa katika ubora wao, na hasara hiyo haikulipika. Katika Michezo ya Afrika ya Algiers mwaka 1978 Akii-Bua alipata fedha, nyuma ya Mkenya Daniel Kimaiyo.

Watu hupenda kueleza kushuka kwa mwanariadha kwa sababu moja: uvivu, sifa, umri. Sipendi maelezo hayo. Mlango alikuwa mtu mashuhuri katika nchi ambayo Walango wengi waliuawa, na serikali ile ile iliyowaua ilimtumia yeye kuwa ushahidi kwamba hawaonewi. Mtu aishie hivyo halali kama tulalavyo. Na mwili hauweki daftari mbili, moja la mazoezi na jingine la hofu. Kila kinachomchosha mtu huandikwa katika daftari moja: kilomita, njaa, kukosa usingizi, msiba, deni. Ndiyo maana mazoezi yale yale yaliyokuwa kadiri mwaka 1972 yangeweza kuwa ziada mwaka 1977, ingawa fulana ilikuwa na uzito ule ule na viunzi urefu ule ule.

Mwaka 1979, jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoukaribia mji wa Kampala, Akii-Bua aliihofia hali yake pande zote mbili. Alikuwa Mlango, na alikuwa afisa aliyependelewa na Amin. Alikimbilia Kenya pamoja na jamaa zake. Wakimbizi waliopita barabarani mwaka ule walitokezea hapa kwetu, Busia na Malaba, wakiwa na mabunda vichwani na watoto mgongoni. Bingwa wa Olimpiki alipokelewa Kenya kama mkimbizi mwingine yeyote, akatiwa katika kambi ya wakimbizi.

Mpaka ule aliouvuka taifa zima lilikuwa likiuvuka kwa namna yake tangu zamani. Busia ndiko lilikozaliwa neno boda boda. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mwenye mzigo, na wenye baiskeli wakajitokeza kuwapakia wasafiri kwa malipo, wakinadi kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, lililokwisha kulainishwa na ulimi wa Kibantu: boda, boda. Tuna desturi ya kulirudia neno ili kuonyesha jambo linalofanyika tena na tena, kama tusemavyo polepole au mara kwa mara, na jina lile lilitulia kinywani kana kwamba halikutoka ng'ambo. Watu wale waliendesha kutwa, baiskeli moja ikiwa na abiria na gunia, wengine wakipitia njia za panya na bidhaa za magendo. Hakuna aliyeziita kazi zao mazoezi. Lakini moyo haujui kama unapiga kwa ajili ya medali au kwa ajili ya unga. Jioni mtu huyo hakuhitaji kukimbia. Alihitaji kula, kunywa maji na kulala, na aliyemshauri kuongeza mbio za afya alikuwa akimshauri apite kiasi.

Mambo yamegeuka. Tangu Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli zimesukumwa pembeni. Mwenye boda boda sasa anakaa juu ya injini kuanzia alfajiri hadi usiku, naye hatembei hata kwenda dukani. Yule ambaye babake alipita kiasi kwa kazi, yeye hajafikia hata mwanzo wa kiasi. Huyu ndiye ambaye daktari humwambia siku moja kwamba ana shinikizo la damu au sukari, akatoka kliniki kwa hofu, na kesho yake akaanza kukimbia kilomita kumi. Wiki ya kwanza goti humvimba, wiki ya pili huacha. Lau angelianza kwa kutembea dakika ishirini, akaongeza kidogo kila wiki na kuiachia siku moja au mbili za kupumzika, mwezi wa tatu angelikuwa anakimbia bila kujijua. Na dereva wa lori aliyekesha katika foleni ya Malaba asikimbie asubuhi ile hata kama ratiba yake inasema akimbie. Usingizi aliokosa umekwisha kuandikwa katika daftari.

Akii-Bua hakukaa kambini sana. Kampuni ya viatu ya Puma, ya Ujerumani, ilisaidia kumtoa, akaenda kuishi na kufanya kazi huko. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda katika Olimpiki ya Moscow, akiwa na umri wa miaka 30. Hakufika fainali. Uwezo wa pumzi huanza kupungua mtu akikaa wiki mbili tu bila mazoezi. Sembuse aliyepitishwa vitani, mpakani na kambini. Zaidi ya hayo, hakuna mwalimu yeyote duniani ambaye angeweza kumrudishia kwa miezi michache kile kilichojengwa kwa miaka. Wapo waliosema kwamba alipaswa kujikaza zaidi. Nadhani kujikaza zaidi ndilo jambo pekee ambalo halikuwa limepungua katika maisha yake.

Katika miaka ya themanini alirudi nyumbani, akaitumikia polisi tena na kuwafundisha vijana riadha. Mkewe alitangulia kufariki. Yeye alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akaacha watoto 11, na taifa likamzika kwa heshima. Mjini Lira upo uwanja wenye jina lake.

Miaka 40 ilipita tangu Munich kabla ya Uganda kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London mwaka 2012. Rekodi ya dunia ya mita 400 za viunzi imekwisha kuteremka mbali. Karsten Warholm wa Norway aliifikisha sekunde 45.94 mjini Tokyo mwaka 2021. Kwa upande wa Uganda, hakuna aliyewahi kuufikia muda ule wa 47.82 uliokimbiwa katika njia ya kwanza.